Kiseyeye: Maradhi ya Mabaharia Ambayo Bado Yapo Wodini

Watu wakiulizwa ni nini kilichowaua mabaharia wa zamani, hutaja dhoruba, miamba, maharamia na mizinga ya adui. Majibu hayo ni ya kweli, lakini yanamwacha nje muuaji mkubwa. Katika safari ndefu za karne ya 16 hadi ya 18, baharia wa Ulaya aliyekwenda mbali alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kukosa kitu kidogo katika chakula chake kuliko kufa kwa maji au kwa risasi. Kitu hicho leo tunakiita vitamini C, na maradhi yatokanayo na upungufu wake huitwa kiseyeye.

Ninaandika juu ya kiseyeye kwa sababu mbili. Sehemu ya historia yake ilitukia hapa hapa katika pwani ya Afrika Mashariki, na ina mafunzo ambayo vitabu vyetu vya tiba huyaruka. Sababu ya pili ni ya binafsi: miaka ya mwanzo ya ubingwa wangu nilimhudumia mgonjwa wa kiseyeye kwa majuma matatu bila kumtambua. Nitarudi kwake.

Mombasa, Malindi na pepo za msimu

Vasco da Gama aliondoka Lisbon mnamo Julai 1497 akiwa na merikebu nne. Mwanzoni mwa 1498, baada ya kuzunguka ncha ya kusini ya Afrika, wasafiri hao walipumzika kwa siku 32 kwenye mlango wa mto karibu na mahali panapoitwa leo Quelimane, nchini Msumbiji. Mmoja wao aliandika shajara ya safari, na humo anaeleza kwamba wengi waliugua: miguu na mikono ilivimba, na fizi zikaota juu ya meno hata wakashindwa kula. Mhudumu wa afya yeyote akisoma maelezo hayo hahitaji kipimo cha maabara.

Tarehe 7 Aprili walifika mbele ya Mombasa. Mtawala wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Kwa mujibu wa shajara ile ile, wagonjwa wote walipata nafuu wakiwa hapo. Mwandishi akamshukuru Mungu, kisha akaisifu hali ya hewa ya Mombasa. Machungwa anayataja kama zawadi tu. Hayataji kama dawa.

Kutoka Malindi waliondoka tarehe 24 Aprili wakiwa na rubani aliyeijua bahari. Upepo wa kusi ulikuwa ukiingia, na kwa siku 26 hivi wakatia nanga karibu na Calicut, India. Hakuna kiseyeye kinachoota kwa siku 26 kwa mtu aliyetoka kula matunda.

Safari ya kurudi ilikuwa habari nyingine kabisa. Waliiacha pwani ya India tarehe 5 Oktoba 1498, kabla kaskazi haijatulia. Wakakutana na shwari na pepo za mbele, na hawakuiona nchi kavu hadi tarehe 2 Januari 1499, karibu na Mogadishu. Siku 89. Watu 30 walikufa katika kuvuka huko, ukiacha idadi inayokaribia hiyo waliokwisha kufa awali, na katika kila chombo walibaki mabaharia saba au wanane tu walioweza kufanya kazi, nao hawakuwa wazima sawasawa. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari waliomba machungwa, maana wagonjwa walikuwa wakiyatamani sana. Yaliletwa, lakini wengi walikufa hapo hapo bandarini. Safari hii mwandishi wa shajara akailaumu hali ya hewa ya Malindi. Siku chache baadaye, kusini ya Mombasa, waliichoma moto merikebu moja kati ya tatu zilizosalia kwa kuwa hawakuwa na mikono ya kutosha kuziendesha zote.

Bahari ni ile ile na watu ni wale wale. Tofauti kati ya siku 26 na siku 89 ni upepo, na upepo huo nahodha wa pwani hii aliujua kabla hajaota ndevu. Jahazi lilisubiri kusi au kaskazi kabla ya kuvuka, na lilipofuata mwambao lilipata bandari za kuchukulia maji, ndimu na mboga. Sisemi kwamba mabaharia wetu hawakufa. Walizama, waliungua kwa jua, walikufa kwa kiu na homa. Lakini kalenda ya pepo za msimu, ambayo tumezoea kuiona kama elimu ya biashara, ilikuwa pia kinga ya maradhi, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Kamba inayofumuka

Mbuzi hawezi kuugua kiseyeye, kwa kuwa ini lake hutengeneza vitamini C. Binadamu tumepoteza uwezo huo, pamoja na nyani wakubwa, baadhi ya popo na yule mnyama mdogo wa maabara aitwaye simbilisi. Sisi hutegemea chakula peke yake.

Kazi kubwa ya vitamini hii ni kusaidia ujenzi wa kolajeni, protini inayoushika mwili pamoja: ngozi, kano, mifupa, fizi na kuta za mishipa ya damu. Msomaji wa pwani huenda anaufahamu mtepe, chombo cha kale ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari. Mtepe ulikuwa imara kadiri kamba zake zilivyokuwa imara. Kolajeni nayo ni kamba, iliyosokotwa kwa nyuzi tatu. Vimeng'enya viwili huongeza kikundi cha haidroksili kwenye prolini na laisini, na ndivyo nyuzi hizo zinavyoshikamana zisifumuke. Vimeng'enya hivyo haviwezi kuendelea na kazi bila vitamini C. Ikikosekana, mwili huendelea kutengeneza nyuzi, lakini ni nyuzi zisizoshika.

Kwa hiyo dalili za kiseyeye hujitokeza kila mahali penye kushonwa. Mishipa midogo huvuja, na vidoa vya damu huonekana kuzunguka mashina ya vinyweleo, hasa miguuni. Vinyweleo vyenyewe hujikunja kama kizibuo. Fizi huvimba, huwa za zambarau na kutoa damu. Damu huvujia ndani ya misuli na maungo, na mgonjwa hulalamika maumivu makali ya miguu. Kabla ya hayo yote huja uchovu na huzuni isiyo na sababu, ambayo manahodha wengi waliiita uvivu na kuitibu kwa mjeledi.

Dalili moja huwashangaza hata madaktari: majeraha ya zamani hufunguka. Katika safari ya George Anson wa Uingereza, iliyoanza 1740 na kupoteza watu zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa maradhi, alikuwapo baharia mzee aliyejeruhiwa vitani Ireland mwaka 1690. Makovu yake yalikuwa yamepona kwa miaka 50. Kiseyeye kilipomshika, majeraha yalifumuka upya, na mfupa wake uliokuwa umeunga ukaachana kana kwamba umevunjika jana. Kovu halijengwi mara moja likaisha. Mwili hulifumua na kulisokota upya maisha yote. Ukikosa cha kusokotea, unabaki na kufumua.

Inachukua muda gani? Mwili wa mtu aliyeshiba vizuri huwa na akiba ya takriban miligramu 1,500 za vitamini C, na dalili hutokea akiba ikishuka chini ya miligramu 300 hivi. Mwaka 1939 daktari wa upasuaji wa Boston, John Crandon, alijinyima vitamini hii kwa makusudi. Vidoa vya damu kwenye ngozi yake havikuonekana mpaka siku ya 161. Jeraha alilopasuliwa mgongoni baada ya miezi mitatu lilipona kama kawaida. Alilopasuliwa baada ya miezi sita halikupona hadi alipopewa vitamini C. Mabaharia waliugua mapema kuliko yeye, mara nyingi kati ya juma la nane na la kumi na mbili, kwa sababu walipanda chomboni akiba yao ikiwa tayari ndogo, walifanya kazi ngumu, na chakula chao cha biskuti kavu na nyama ya chumvi hakikuwa na vitamini C kabisa.

Na kwa nini machungwa ya Malindi hayakuwaokoa wale wa 1499? Kiseyeye kilichofika mbali huweza kuua ghafla, hata kwa kuinuka tu kitandani. Hilo lilionekana mara nyingi katika meli za Anson, ambako wagonjwa walikata roho walipokuwa wakipandishwa sitahani. Tunda hurekebisha kolajeni kwa siku na majuma. Moyo ulioishiwa nguvu, damu iliyopungua na maambukizi havisubiri.

Wagonjwa kumi na wawili wa James Lind

Mei 1747, tabibu wa meli ya kivita Salisbury, Mskoti James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye waliofanana hali, akawalaza pahali pamoja, akawapa chakula kimoja cha msingi, kisha akawagawa wawiliwawili. Wawili walipewa kinywaji cha matofaa kilichochachuliwa. Wawili walipewa matone ya asidi ya salfa iliyozimuliwa, wawili siki, wawili maji ya bahari. Wawili walipewa tonge la kitunguu saumu, haradali na manemane, ukubwa wa kungumanga. Wawili wa mwisho walipata machungwa mawili na limau moja kila siku.

Matunda yaliisha baada ya siku sita. Kufikia hapo mmoja wa waliokula alikuwa karibu tayari kurudi kazini, na mwenzake alikuwa na nafuu ya kutosha kuwauguza waliobaki. Wa matofaa walipata ahueni kidogo. Wengine hawakubadilika.

Tunalifundisha jaribio hilo kwa wanafunzi kama mfano wa utafiti wenye ulinganisho. Mara chache tunawaambia yaliyofuata. Lind alichapisha kitabu chake mwaka 1753, na matokeo haya yamo katika kurasa chache tu za kitabu kinene. Yeye mwenyewe aliamini kwamba kiseyeye husababishwa na hewa yenye unyevu inayoziba jasho, na machungwa kwake yalikuwa njia mojawapo ya kulifungulia. Alipofikiri namna ya kuhifadhi maji ya matunda kwa safari ndefu, alipendekeza yapashwe moto kwa saa nyingi hadi yawe mazito kama asali. Joto na hewa huiharibu vitamini C. Aliigundua dawa, kisha akaipika ikafa. Jeshi la wanamaji la Uingereza lilianza kutoa maji ya limau kwa meli zote mwaka 1795, miaka 42 baada ya kitabu, kwa juhudi za tabibu Gilbert Blane, na kiseyeye kikakaribia kutoweka katika meli hizo.

Ndimu na limau

Hadithi ingeishia hapo kama binadamu wasingekuwa wasahaulifu. Katika miaka ya 1860 Waingereza waliacha malimau ya nchi za Bahari ya Kati wakachukua ndimu za visiwa vya Karibi, vilivyokuwa koloni lao. Kiingereza cha wakati huo kilichanganya majina ya matunda hayo mawili. Mwuza matunda wa soko lolote la Tanga angewaambia kwamba ndimu na limau ni vitu viwili. Maji ya ndimu yana vitamini C pungufu kuliko ya limau, na yale yaliyokamuliwa, kuhifadhiwa muda mrefu na kupitishwa katika mabomba ya shaba yalikuwa yamebaki uchachu mtupu.

Hakuna aliyetambua, kwa kuwa meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari. Ilipofika 1875, msafara wa Uingereza wa kuelekea Ncha ya Kaskazini, ukiongozwa na George Nares, uliondoka na maji yake ya ndimu na ukashikwa na kiseyeye kibaya. Wataalamu wakahitimisha kwamba matunda hayakuwahi kuwa dawa, na wengine wakaanza kufundisha kuwa chanzo ni sumu ya nyama iliyoharibika. Mpaka mwaka 1907 Wanorwe Axel Holst na Theodor Frølich walipofanikiwa kuwapa simbilisi kiseyeye kwa kuwalisha nafaka tupu, ndipo njia ilipofunguka upya. Albert Szent-Györgyi, aliyeitenga vitamini yenyewe, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1937.

Wajapani walipitia jambo linalofanana na beriberi, upungufu wa vitamini B1 unaotokana na kula wali mweupe mtupu. Meli yao Ryujo ilisafiri 1882 hadi 1883 ikiwa na watu 376. 169 waliugua na 25 wakafa. Daktari Takaki Kanehiro aliituma meli nyingine, Tsukuba, kwa njia ile ile mwaka 1884 ikiwa na nyama, maziwa na nafaka mchanganyiko, na hakufa hata mmoja kwa beriberi. Takaki alidhani tatizo ni protini. Alikosea sababu, akapatia tiba. Jeshi la nchi kavu lilikataa kumfuata kwa kuwa madaktari wake waliamini beriberi ni ugonjwa wa vijidudu, na katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905 askari zaidi ya 20,000 walikufa kwayo. Hata katika karne hii beriberi imeripotiwa kwa mabaharia wa meli za uvuvi zinazokaa baharini miezi mingi bila kutia nanga.

Mzee aliyekatazwa

Mgonjwa wangu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mjane, aliyeishi peke yake mjini. Alikuja na shavu la mguu wa kushoto lililovimba na kuuma, na michubuko mikubwa mapajani asiyokumbuka kuipata. Tulifikiri damu imeganda kwenye mshipa, na picha ya mawimbi ya sauti ikakataa. Tukafikiri saratani ya damu. Chembe za kugandisha damu zilikuwa za kawaida, na upungufu wa damu tukauita upungufu wa madini ya chuma. Fizi tuliziangalia. Lakini mzee alikuwa amebakiwa na meno manne tu, na fizi za kiseyeye huvimba pale penye meno. Penye pengo hubaki tulivu. Kiseyeye kilikuwa kimevimbisha fizi kuzunguka yale manne, na daktari wa meno akashauri yang'olewe.

Muuguzi wa zamu ya usiku ndiye aliyemwuliza anakula nini. Chai ya rangi, mkate, uji, ugali na dagaa wakavu. Matunda? Hapana, zaidi ya mwaka mmoja. Mboga? Kidogo mno, zilizochemshwa sana. Nilipomwuliza asubuhi kwa nini, alinitazama kwa upole.

"Ninyi wenyewe mlinikataza, daktari," alisema. "Mliniambia nina vidonda vya tumbo, niache vitu vichachu."

Nilifungua faili lake. Ushauri huo ulikuwa umeandikwa katika kliniki ambayo mimi pia nilikuwa nikihudumu: aepuke machungwa, ndimu, nyanya, maembe mabichi, pilipili. Hakuna aliyeandika ale nini badala yake, wala ushauri huo uishe lini. Mzee mtiifu aliufuata kama baharia anavyofuata mgao wa chomboni.

Tulimpa vidonge vya vitamini C, dawa ya bei ndogo kuliko karibu zote zilizokuwa katika cheti chake. Siku ya tatu alisema mwili umekuwa mwepesi. Baada ya juma moja fizi ziliacha kutoa damu, na michubuko ilififia kwa majuma mawili. Meno yake manne yalibaki.

Kwa wahudumu wenzangu: kipimo cha vitamini C katika damu hakipatikani katika hospitali zetu nyingi, na hakihitajiki ili kuanza tiba. Mtu mzima hupewa miligramu 300 hadi 1,000 kwa siku kwa muda wa mwezi mmoja. Mtoto, miligramu 100 hadi 300. Mwenye historia ya mawe ya figo asipewe dozi kubwa kwa muda mrefu. Mfikirie kiseyeye mlevi wa muda mrefu, mzee anayejipikia, mgonjwa wa akili, mgonjwa anayesafishwa damu, na mtoto mwenye usonji anayekula aina mbili tatu tu za chakula. Mtoto wa namna hiyo huacha kutembea kwa maumivu ya miguu na hupigwa picha nyingi za mifupa kabla ya mtu kuuliza anakula nini. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kiseyeye kilizuka mwaka 2017 na 2018 kwa vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini. Waliumwa mashavu ya miguu na kuvimba fizi, na walipopewa vitamini C walipona.

Kwa mgonjwa na familia: miligramu 10 tu kwa siku zinatosha kuzuia kiseyeye, na pera moja linazidi kiasi hicho mara nyingi. Papai, embe, chungwa, ubuyu, pilipili hoho na mchicha vyote vinayo. Kisamvu kina vitamini C nyingi kikiwa kibichi, lakini tunakitwanga na kukichemsha kwa saa nyingi, na ni lazima kichemshwe ili kuondoa sumu yake; basi kisihesabiwe kuwa ndicho chanzo. Mchicha hauna sababu ya kuteseka hivyo: dakika chache motoni, maji kidogo, na mchuzi wake usimwagwe. Ukiambiwa na mhudumu wa afya uache chakula fulani, mwulize uache kwa muda gani na ule nini mahali pake.

Mzee aliporudi kliniki baada ya mwezi aliniletea ubuyu katika mfuko wa karatasi. Aliniuliza kama tumbo lake litauweza. Nilimwambia aanze na kidogo, baada ya chakula, na safari hii nikaandika katika faili tarehe ya kumwuliza tena.